Nimuwekee njiti wangu muziki wa simu ili ubongo ukue?

SWALI: Habari daktari. Nimejifungua mtoto wa wiki 30, kilo 1.3, leo ana siku 19 yupo wodi ya njiti. Kaka yangu yuko Uswisi kanitumia habari ya mtafiti wa Geneva aliyewapigia njiti muziki na ubongo ukaonekana unakua vizuri. Baba yake ashanunua hedifoni ndogo. Je namuwekea muziki gani na kwa dakika ngapi? Mama wa Tanga.

JIBU: Hongera mama, na pole pia maana vile viti vya plastiki vya wodini havina huruma na mgongo wa mzazi.

Hedifoni hapana. Ila habari ya kaka yako ni ya kweli kabisa, sasa ngoja nikueleze walifanya nini hasa.

Mtafiti mwenyewe ni Petra Hüppi, daktari wa watoto wachanga pale Geneva, na hajaanza jana. Mwaka 1998 yeye na wenzake walitoa vipimo vya MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili) vya njiti na watoto waliotimiza miezi, wakakuta ubongo unaongezeka kama mililita 22 kila wiki, yaani zaidi ya vijiko vinne vya chai wiki hadi wiki, na lile ganda la juu kati ya wiki 29 na 41 linakuwa kama mara nne. Wiki ya 28 hivi ubongo bado uko laini juu, mikunjo ni michache, halafu ganda linakua haraka kuliko kilichopo ndani ndio linaanza kujikunja, kama doti ya kanga ukiishindilia kwenye kikombe. Kazi hiyo ilitakiwa ifanyike tumboni gizani, njiti anaifanyia wodini kwenye taa, mashine zinalia, na kila mara kuna mtu anamchoma kisigino kumtoa damu ya kipimo.

Huo ndio mzizi wa ule muziki. Haukuwa muziki wa simu, ulitungwa kwa ajili yao na mpiga kinubi wa Uswisi, Andreas Vollenweider, vipande vya dakika 8 hivi, kipande cha kuamka, cha kutulia akiwa macho, cha kulala, na mtoto alipigiwa kulingana na hali aliyonayo muda huo. Chombo kilichowatuliza zaidi kilikuwa punji, ile zumari ya wacheza nyoka wa India, mimi mwenyewe nilicheka niliposoma. Matokeo yalitoka 2019: kwenye MRI za njiti waliopigiwa muziki, mawasiliano kati ya baadhi ya sehemu za ubongo yalikuwa karibu zaidi na ya watoto waliotimiza miezi. Watoto walikuwa wachache, na picha ya MRI sio matokeo ya darasa la saba, kwa hiyo tusikimbilie kusema wamekuwa na akili zaidi.

Sasa simu. Wodi ya njiti inashauriwa kelele isizidi desibeli 45, na maongezi yetu ya kawaida tu ni kama 60. Nikiwa mafunzoni tuliambiwa tuingize kichwa kwenye inkubeta tupu, lile sanduku la joto la njiti, mwenzetu akaweka kikombe cha maziwa juu yake, kawaida tu wala hakukibamiza, jamani ndani ni ngoma! Tangu siku ile siweki hata peni juu ya inkubeta. Sasa hedifoni ya dukani kwenye sikio la mtoto wa kilo 1.3 nani anajua inatoa sauti kiasi gani, na hawezi kukwambia punguza.

Ulichonacho tayari ni sauti yako. Mwaka 2021 Manuela Filippa na wenzake, wengine wa hukohuko Geneva, walitoa utafiti wa hospitali moja Italia, njiti 20 wakati wa kuchomwa kisigino. Mama akiongea nao alama za maumivu zilishuka kutoka 4.5 hadi 3, akiimba 3.8, na oksitosini, ile homoni ya upendo, ikapanda. Kwa hiyo hata kama hujui kuimba usijali, maneno tu yanatosha. Siku ya kipimo muombe nesi usimame hapo.

Na kangaruu, yaani kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, usiiache, kama wamesharuhusu. Ilianzia Bogotá, Colombia 1978 sababu inkubeta hazikutosha, na utafiti wa 2021 wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliona ikianza mapema vifo vinapungua kwa robo. Kifuani joto halipandi na kushuka hovyo na pumzi inatulia, na kwa ubongo hilo ni kubwa maana chembe zinazotengeneza mafuta ya kufunika nyaya za ubongo ni changa sana umri huu, oksijeni ikiyumba au maambukizi yakiingia zinaumia za kwanza.

Ongea naye akiwa kifuani amefungua macho, kwa sauti ya chini, dakika chache. Akitanua vidole, akipata kwikwi, akigeuza uso au rangi ikibadilika, kachoka, nyamaza umshike tu. Akilala usimuamshe.

Baba hedifoni asikilizie mpira. Ila akija hospitali avue shati, naye anaruhusiwa kumbeba kifuani.