Siku 10 za magofu ya Wainka Peru: usianzie Machu Picchu, anzia vijijini

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama siku 10 za likizo zinatosha kuyaona magofu ya Wainka, waliotawala milima ya Peru kabla ya Wahispania, kama urefu wa ile milima utakusumbua, na kama vijiji vya Wakechua, wenyeji wa milima ile, ni maisha ya kweli au ni maonyesho ya watalii. Nilikaa kule wiki tatu mwezi wa Juni, na kabla ya hapo nimeongoza wageni Kilimanjaro miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nijibu kwa kirefu.

Siku zinatosha. Ila ratiba igeuze. Wengi wanatua mji wa Cusco, kesho yake wanakimbilia Machu Picchu, yale magofu maarufu ya mlimani, wanapiga picha, wanaondoka. Wewe Machu Picchu iache mwishoni. Ukishalala kijijini, ukala viazi vilivyochimbwa kwenye matuta ya mababu zao, kila ukuta utakaouona kule juu utakuwa na maana.

Tuanze na urefu, maana huo ndio unaoharibu safari za watu. Cusco iko mita 3,400 hivi. Kwa anayeujua Kilimanjaro, hapo ni chini kidogo tu ya kambi ya Horombo, iliyo mita 3,720. Lakini Horombo unafika kwa miguu siku ya pili, mwili umeshaanza kuzoea. Cusco unatoka Lima, kwenye usawa wa bahari, na ndege inakutua pale kwa saa moja na kitu. Mimi nilijiamini kwa sababu ya kazi yangu, nikabeba begi nikapanda ngazi za mtaa wa San Blas siku hiyohiyo. Usiku kichwa kiligonga, chakula hakikupita, na kila nikisinzia nashtuka pumzi imekata. Wenyewe wanauita ugonjwa huo soroche.

Kwa hiyo ukitua, usilale Cusco. Nenda mtaa wa Pavitos, kuna magari kama Hiace zetu, yanaondoka yakijaa. Panda la Ollantaytambo, kwenye Bonde Takatifu, mita 2,800 hivi, ulale huko. Siku mbili za mwanzo tembea pole pole na unywe maji. Chai ya majani ya koka utakaribishwa kila mlango, kunywa, lakini majani yenyewe usithubutu kurudi nayo, nchi nyingi zinayahesabu dawa za kulevya. Na ukiona mtu anaanza kuyumba au kuchanganyikiwa, sheria ni ileile ya Kilimanjaro: mshushe, usisubiri asubuhi.

Ollantaytambo ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Watu bado wanaishi kwenye mitaa ileile iliyopimwa na Wainka karne ya 15. Unapita mlango mmoja wa mawe, unatokea uani, na ua umezungukwa na vyumba. Mswahili akiingia pale anaelewa mpangilio bila kuelezwa. Kando ya vichochoro kuna mifereji ya mawe inayoshusha maji ya mlimani usiku na mchana, maji ya baridi ya kuuma vidole. Asubuhi moja nilimkuta bibi amechuchumaa mlangoni kwake akisuuza ndoo kwenye mfereji huo, mjukuu wake amevaa sare za shule anauruka kwenda zake. Niliona aibu kwamba jana yake nilikuwa nimeupita mfereji uleule nikikimbilia "vivutio".

Juu ya mji, mwisho wa ngazi nyingi, kuna mawe sita makubwa yenye rangi ya waridi yamesimamishwa bega kwa bega, na katikati ya jiwe na jiwe wamepachika vipande vyembamba. Hakuna saruji. Yalichongwa kwenye machimbo ya Kachiqhata, ambayo ukiwa pale juu unayaonyeshwa kwa kidole ng'ambo ya mto, mlima mwingine kabisa. Watu wale hawakuwa na magurudumu, ng'ombe wala farasi, na chuma hawakukijua. Njiani kutoka machimboni mawe kadhaa yamelala mpaka leo pale yalipoachwa. Wenyeji wanayaita mawe yaliyochoka. Nilimsikia mzee mmoja akilitaja jina hilo kwa sauti ya huruma kabisa, kama anasema habari za mnyama wa kazi. Hapo juu palikuwa ngome, na ndipo mfalme wa Wainka, Manco Inca, alipowarudisha nyuma Wahispania mwaka 1537. Aligeuza maji yakajaa kwenye uwanda wa chini, farasi wao wakakwama. Ukishaona jinsi wanavyoyamudu maji pale mtaani, habari hiyo haikushangazi.

Sasa vijiji. Jibu la kweli ni kwamba vyote vipo, maisha na maonyesho, na inategemea umeingiaje. Mara ya kwanza nililipia safari ya siku moja. Basi lilisimama kijijini dakika 20, kina mama wamepangwa mstari na mavazi mekundu, wakaimba, tukauziwa skafu, tukarudishwa ndani ya basi. Kina mama wale sina neno nao, wanatafuta riziki. Lakini mmoja aliniambia kwamba kwenye ile hela niliyoilipa mjini, kwao hakikufika kitu zaidi ya kile tulichonunua mkononi. Iliniuma, kwa sababu hata kwetu nimeona wageni wakipelekwa bomani namna hiyohiyo.

Mara ya pili nilikwenda mwenyewe. Juu ya mji wa Pisac kuna jamii za Kikechua zilizounganisha ardhi zao kuwa eneo moja linaloitwa Parque de la Papa, yaani hifadhi ya viazi. Wanatunza zaidi ya aina elfu moja za viazi, na wageni wanawapokea wenyewe, majumbani mwao. Hivi viazi mviringo tunavyokaanga chipsi vilianzia kwenye milima hii. Hata simbilisi wanaofugwa Kivu na kwingineko asili yao ni huku, na jikoni kwa mwenyeji wangu walikuwa wanakimbia chini ya meza wakila majani.

Mama mwenyeji alimwaga kikapu cha viazi kwenye kitambaa: vyeusi, vya zambarau, vyenye mistari, virefu kama vidole. Akachagua kimoja chenye vinundu vingi kama koni ya msonobari akaniwekea mkononi. Kinaitwa qhachun waqachi, maana yake kinachomliza mkwe. Akaeleza kwamba zamani mama mkwe alimpa binti anayeolewa akimenye, amtazame mkono wake unavyokwenda, kama atatupa nyama pamoja na ganda. Alipokuwa anaeleza, kisu chake kilikuwa kinazunguka kila kinundu bila haraka, ganda linatoka jembamba unaona mwanga upande wa pili.

Siku iliyofuata tulikwenda kuvuna kwa jirani yao. Hakuna aliyelipwa. Kazi ile wanaiita ayni: leo tunakwenda kwako, zamu yangu ikifika mnakuja kwangu. Mchana wakajenga tanuri dogo shambani kwa madongo makavu ya udongo, wakawasha moto ndani mpaka madongo yakageuka rangi. Wakatumbukiza viazi, kisha wakalibomoa tanuri lote juu yake na kuyapondaponda madongo. Baada ya muda tukafukua. Unakipangusa majivu, unakipasua, unachovya kwenye pilipili iliyosagwa na majani yao ya kunukia. Kabla ya kula, baba mwenye shamba alipanga majani matatu ya koka kwenye vidole, akayapulizia kuelekea milimani, kisha akanipa na mimi matatu akaniita wayqey, ndugu yangu.

Jifunze maneno machache ya Kikechua. Allillanchu ni salamu, sulpayki ni ahsante. Mwanamke mtu mzima mwite mamay na mwanaume taytay, na hilo la kwanza wala halitakupa shida. Lugha hii ilipigwa vita na Wahispania baada ya kumuua Túpac Amaru II, kiongozi wa uasi dhidi yao, pale Cusco mwaka 1781, na ikaja kutambuliwa na serikali ya Peru kuwa lugha rasmi mwaka 1975. Mtu akisikia mgeni kutoka Afrika anasalimia kwa lugha hiyo, anasimama. Na picha uombe kwanza.

Machu Picchu yenyewe: tiketi ina saa ya kuingia na njia maalumu ya kupita, nunua miezi kadhaa kabla. Kutoka Ollantaytambo unachukua treni. Ukitaka kutembea kwa miguu ile njia ya kale ya Wainka ya siku nne, watu kwa siku ni 500 tu pamoja na wapagazi, na Februari inafungwa. Waulize wapagazi wanabeba kilo ngapi na wanalala wapi, kama ninavyowaomba wageni waulize Kilimanjaro. Ukiwa juu, simama kwenye matuta. Chini ya ule udongo kuna tabaka la kokoto na chini yake mawe, ndiyo maana mvua za karne zote hizo hazijayaporomosha. Na Mmarekani Hiram Bingham, anayesifiwa kuwa aliigundua Machu Picchu, alipoletwa pale mwaka 1911, aliongozwa na mkulima wa bondeni, Melchor Arteaga, na juu akakuta familia zinalima kwenye matuta hayohayo. Kwao hapakuwa pamepotea.

Kwa hiyo: siku tatu Ollantaytambo, tatu vijijini juu ya Pisac, mbili Machu Picchu, mbili Cusco kumalizia. Beba koti zito na soksi za kutosha. Juni usiku kule juu maji ya kwenye beseni yanaganda, na wenyeji wanaisubiri baridi hiyo. Wanatandaza viazi vidogo kwenye nyasi vigande usiku, jua linavilainisha, kisha familia nzima inavikanyaga kwa miguu mitupu kutoa maji, siku kadhaa mfululizo, mpaka vinakuwa vikavu na vyepesi. Vinaitwa chuño, na vinakaa ghalani miaka. Ukisikia vicheko alfajiri nje ya dirisha lako, amka ukatazame.