Ofa ya Juni, Kimya cha Desemba

*Kaka, salamu. Mwanangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anacheza ulinzi wa kati kwenye futiboli ya Kimarekani. Mwezi Juni chuo kimoja kikubwa kilitualika, na kocha akamwambia nikiwa nimesimama hapo hapo kwamba nafasi ipo na ufadhili kamili upo. Mtoto akatoa neno. Tukazikataa ofa mbili za vyuo vidogo. Wiki moja kabla ya siku ya Desemba ambayo watoto wa sekondari hutia saini kujiunga na vyuo, kocha akaacha kupokea simu. Halafu msaidizi wake akatuma ujumbe wa mistari miwili: wameamua kuchukua "wakubwa" kutoka vyuo vingine. Kijana halali, halafu ananiuliza amekosea nini. Nimjibu nini?*
*Mama wa mlinzi, Columbus, Ohio*

Dada yangu, mwambie hakukosea kitu, na wewe pia hukukosea. Naanza na hilo kwa sababu najua usiku unavyokuwa mrefu mtu akiwa anatafuta kosa lake.

Hali hiyo nimeiona mezani kwetu. Huu ni mwaka wangu wa 11 nikikata video za wachezaji wa sekondari moja hapa Texas, zile za dakika tatu zinazotumwa kwa makocha. Mwaka 2022 mmoja wa wachezaji hao alikuwa mpwa wangu. Naye alipewa ahadi ya mdomo, na chuo chenyewe sikitaji. Jioni moja ya Desemba simu yake ilikuwa mezani, uso umelalia chini, na kila ilipotetemeka aliigeuza haraka kisha akairudisha taratibu. Ilikuwa ni wanafunzi wenzake wakipiga soga. Kocha hakupiga. Mama yake alimpokonya simu saa nne usiku akaenda kuilaza chumbani kwake.

Kilichobadilika ni hiki. Ofa ya mdomo haijawahi kumfunga kocha, hata zamani. Lakini zamani, akihitaji mlinzi wa kati, hakuwa na pa kwenda zaidi ya sekondari. Mchezaji aliyehama kutoka chuo kikubwa kwenda kingine alilazimika kukaa nje msimu mzima, kwa hiyo kumchukua kulikuwa hasara. Aprili 2021 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliruhusu kila mchezaji ahame mara moja na kucheza papo hapo. Desemba 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho huko West Virginia alisimamisha hata ile adhabu ya kukaa nje kwa anayehama mara ya pili. Aprili 2024 kanuni ikaandikwa upya: ukiwa sawa kimasomo, unahama mara yoyote na unacheza.

Sasa jiweke kwenye kiti cha kocha. Kulia ana video ya mwanao akiwaangusha vijana wa miaka 16. Kushoto ana video ya mwanamume wa miaka 22 ambaye ameshawaangusha wanaume wenzake chuoni misimu mitatu. Mwanao anahitaji miaka miwili ya kula, kunyanyua vyuma na kufundishwa. Kocha akishindwa misimu miwili anafukuzwa. Simtetei, nakueleza tu anavyopiga hesabu.

Kuna mambo mengine mawili yaliyobana mlango. Zamani chuo hakikuruhusiwa kuingiza wachezaji wapya wa ufadhili zaidi ya 25 kwa mwaka. Kikomo hicho kiliondolewa, kwa hiyo kocha anaweza kujaza nusu ya kikosi kutoka kwenye lango la uhamisho, yaani orodha ya wachezaji wa vyuo wanaotaka kuhama. Halafu Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, na humo humo vyuo vilivyojiunga vikawekewa kikosi kisichozidi watu 105. Ufadhili uliongezeka kwenye karatasi, maana zamani ulikuwa 85. Lakini vikosi vingi vilikuwa na watu zaidi ya 105, wengine wakijilipia wenyewe na kusubiri bahati. Kile kibaraza cha kusubiria ndicho kilichovunjwa.

Cha kufanya sasa, dada: vipigie simu vile vyuo viwili vidogo leo, na kijana aongee mwenyewe. Aseme ukweli, kwamba alitoa neno kwingine na nafasi imefungwa. Msione aibu. Vyuo hivyo vitaanza kupoteza wachezaji Januari 2, siku lango linapofunguliwa, kwa sababu vyuo vikubwa huvuna kutoka kwao. Kocha Kurt Cignetti alipotoka chuo cha James Madison kwenda Indiana aliondoka na zaidi ya wachezaji kumi wa James Madison, na mwaka 2024 Indiana, iliyokuwa imeshinda mechi 3 tu mwaka uliotangulia, ikashinda 11. Sasa fikiria pengo lililobaki nyuma yao. Mapengo kama hayo ndiyo nafasi za watoto kama wako, na siku ya pili ya kutia saini iko Februari.

Na mtoto akikwambia chuo kidogo ni mwisho wa ndoto, mtajie Cam Ward. Kwotabeki huyu, yaani mrusha mpira wa timu, alitoka sekondari ya Texas ambayo haikurusha mpira sana, makocha wakubwa hawakumtazama, akaenda Incarnate Word, chuo kidogo cha San Antonio. Akacheza, hilo ndilo jambo kubwa: alicheza tangu mwaka wa kwanza. Akahamia Washington State, kisha Miami, na mwaka 2025 akawa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa kuingia ligi ya kulipwa. Lango lile lile lililomfungia mwanao Desemba hii laweza kumfungukia baada ya miaka miwili, lakini ni lazima awe na video za chuo, na video hazipatikani benchi.

Mna mdogo wake anayecheza? Basi kabla ya ziara ya mwaka ujao fanya kama nifanyavyo na wazazi wa hapa. Chapisha orodha ya kikosi cha chuo kutoka kwenye tovuti yao. Chukua kalamu mbili. Pigia mstari wa bluu kila mchezaji wa nafasi ya mwanao aliyetoka sekondari, na mwekundu kila aliyetoka chuo kingine. Mwezi uliopita nilikaa na mama mmoja, tukapata wekundu saba kati ya walinzi tisa. Mama akaitazama karatasi kimya, kisha akaikunja mara nne akaitia kwenye mkoba. Kocha wa namna hiyo halei, anasajili. Anaweza kuwa mtu mzuri na maneno yake matamu, lakini karatasi imeshasema.

Pia, kuanzia Agosti 1 ya mwaka wa mwisho wa sekondari chuo kinaruhusiwa kutoa ofa ya maandishi. Iombeni. Haina nguvu kamili mpaka itiwe saini, ila kocha anayekwepa kuiandika mwezi Septemba amekupa muda wa kutafuta kwingine, na muda ndio mlioupoteza ninyi.

*Kijana wangu, mchezo huu naufuatilia tangu nilipohamia Marekani mwaka 1987. Zamani ulimjua mchezaji miaka minne, ukamwona akikua. Siku hizi kila Agosti ni sura mpya, na anayetoa fedha nyingi ndiye mwenye timu. Warudishe sheria ya zamani. Au ninakosea?*
*Mzee wa Minneapolis*

Shikamoo mzee. Uchungu wako naujua. Nami nina jezi kabatini ya mchezaji ambaye sasa anavaa rangi za wapinzani wetu.

Lakini kwenye kurudisha sheria ya zamani tunaachana, mzee wangu. Sheria ile ilimfunga mtu mmoja tu, na ni yule ambaye wakati huo alikuwa halipwi. Novemba 2021 kocha Lincoln Riley aliondoka chuo cha Oklahoma kwenda chuo cha Southern California, na msimu uliofuata alikuwa pembeni mwa uwanja kama kawaida. Hakuna aliyemwambia akae nje mwaka. Kwotabeki wake, Caleb Williams, alimfuata. Kwa kanuni za zamani angekaa jukwaani msimu wote wa 2022, ule ule alioshinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Mwaka uliofuata tuzo ikaenda kwa Jayden Daniels, aliyetoka chuo cha Arizona State kwenda Louisiana State. Hao wote tungewaweka benchi ili mimi na wewe tuzoee sura?

Ninachokubaliana nawe ni kwamba gharama ipo, ila haianguki pale tunapopatazama. Kocha Deion Sanders alipofika chuo cha Colorado alikuta timu iliyoshinda mechi moja tu mwaka 2022. Kabla ya msimu uliofuata wachezaji zaidi ya 40 walikuwa wameondoka, na wageni wakajaa nafasi zao. Wengi wa walioondoka hawakuwa wakifuata fedha. Walielezwa kwamba nafasi hakuna. Uhuru wa mchezaji kuhama umekuwa pia uhuru wa kocha kumhamisha. Na chini kabisa yuko mtoto wa miaka 17, ambaye hana video ya chuo, hana wakala, na hajui kwamba nafasi aliyoahidiwa inauzwa mwezi mmoja baadaye.

Mimi ningeanzia hapo, mzee. Kocha akishampa mtoto ofa, iwe na tarehe na imgharimu chuo kuivunja, kama inavyowagharimu kumvunjia kocha mkataba. Na NCAA walishajua kupunguza: lango lililokuwa likifunguliwa mara mbili kwa mwaka sasa dirisha la Aprili limefutwa, limebaki la Januari peke yake. Hilo ni jema kwa sababu angalau kikosi cha Februari ndicho kitakachokuwepo Agosti. Ila tazama mpangilio wake: watoto wa sekondari wanatia saini mwanzoni mwa Desemba, lango linafunguliwa Januari. Mtoto anaweka saini bila kujua nani ataletwa juu yake wiki nne baadaye. Mwenye mamlaka ya kubadili tarehe hizo anaweza kuzibadili.

*Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni, msimu huu nimecheza mechi tatu tu, tena dakika za mwisho. Rafiki zangu watatu wanaingia langoni Januari na wananiambia nisibaki peke yangu. Niwafuate?*
*Mchezaji wa pembeni, Kansas*

Marahaba mwanangu. Usiingie kwa sababu wao wanaingia. Kila mmoja wao anacheza nafasi nyingine na ana video nyingine.

Jua kwanza unachoweka mezani. Jina lako likishaingia langoni, chuo chako kinaweza kukukatia ufadhili muhula ukiisha na kumpa mwingine nafasi yako. Ukibadili mawazo hawalazimiki kukurudisha. Wapo wanaoingia kila mwaka na simu haiji, na mimi nimewakatia video baadhi yao mwezi Machi wakiwa hawana chuo. Kwa hiyo muulize kocha wako ana kwa ana, kabla ya Januari: "Mwaka ujao unaniona namba ngapi?" Akisema wa tatu au wa nne, unayo sababu. Akisema wa pili nyuma ya mtu anayemaliza, kaa chini ufikiri vizuri.

Jambo ambalo rafiki zako hawajakwambia ni masomo. Ili ucheze mwaka wa tatu lazima uwe umekamilisha asilimia 40 ya shahada yako, mwaka wa nne asilimia 60, wa tano 80. Hesabu hiyo inapigwa kwa shahada ya chuo unachokwenda. Kijana mmoja niliyemjua alikuwa vizuri kabisa alikotoka, akahama, chuo kipya kikakataa masomo yake manne, na msimu ukapita akiwa darasani tu akisaka asilimia.

Kwa hiyo kabla ya kugusa lango, omba nakala ya matokeo yako, mtafute mshauri wa masomo wa chuo chako, mkae na orodha ya masomo ya shahada unayoitaka katika vyuo viwili au vitatu unavyovifikiria, mhesabu moja moja. Nenda kesho asubuhi, maana ofisi hizo hufungwa wakati wa sikukuu, na dirisha lenyewe ni Januari 2 hadi 16 tu.