Jibu: Marafiki wanne, St Andrews, mwisho wa kiangazi

Ndugu yangu, umeuliza kama watu wanne wanaweza kucheza gofu Old Course, uwanja maarufu wa St Andrews huko Uskoti, mapema Septemba bila kuweka nafasi miezi mingi kabla. Inawezekana. Kuna kura: mnaandikisha majina siku mbili kabla ya siku ya kucheza. Sisi tulikosa mara mbili, ya tatu tukapata. Kwa hiyo kaeni siku nne au tano, na mkikosa chezeni New Course, uwanja wa jirani, ambayo inaitwa mpya ingawa ni ya 1895.

Jumapili msiihesabu. Old Course hufungwa kwa gofu, wenyeji wakaja kutembea na watoto na mbwa wao. Mimi hiyo ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote. Tulitembea taratibu hadi daraja la Swilcan, lile dogo la mawe uwanjani, tukiongea habari za wazazi tuliowaacha Moshi, na watoto wetu wanaoulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza. Miaka yote tuliyoishi Uingereza hatukuwahi kuongea hivyo.

Bebeni sweta na koti la mvua, upepo wa bahari ni mkali hata jua likiwaka. Treni itawashusha stesheni ya Leuchars, halafu mnapanda basi hadi St Andrews.