Unataka Kuboresha Pini? Anza na Kitambaa

Wanafunzi wapya wa ubunifu wa bidhaa huwa nawapa kazi ileile ya kwanza: chukueni pini ya usalama ya kawaida, muiboreshe. Wengi hufurahi, wakidhani wamepewa kitu chepesi. Muda si mrefu meza hujaa michoro ya pini zenye vifungo viwili, pini za plastiki, pini za sumaku. Michoro mingi ni mizuri kweli, na karibu yote ina upungufu mmoja. Hakuna kitambaa. Pini imechorwa ikielea peke yake kwenye karatasi nyeupe.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, hili ndilo ningependa mlishike kabla ya mengine yote: kitambaa ni sehemu ya mtambo. Pini isiyochomekwa popote haina kazi, na isiyo na kazi haina kosa la kurekebishwa. Ukitaka kujua pini ina tatizo gani, lazima kwanza useme imeshika nguo gani, nguo hiyo inavutwa kuelekea wapi, na ni mkono wa nani utakaoifungua.

Kaa na pini moja mkononi kabla hujagusa penseli. Ifungue, ifunge, polepole. Ina sehemu nne tu: mkono wenye ncha, mkono wa nyuma, pete ya waya inayoiunganisha mikono hiyo miwili na kufanya kazi ya springi, na kofia ya bati inayoificha ncha. Sasa jiulize, waya huo unapumzika lini? Wengi hunijibu kwamba unapumzika pini ikiwa imefungwa, kwa kuwa inaonekana imetulia. Ni kinyume. Pini iliyo wazi ndiyo iliyolala. Iliyofungwa inasukuma kofia usiku na mchana, na msukumo huo ndio unaoizuia ncha isitoke. Waya laini uliokunjwa kupita uwezo wake haurudi tena mahali pake. Mkono wa ncha hubaki umeinama ndani, msukumo hupungua, na pini hulegea ingawa kwa macho iko sawasawa.

Umbo hili lina baba anayejulikana. Walter Hunt wa New York alipewa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya Marekani namba 6,281 tarehe 10 Aprili 1849. Springi ya waya kwenye kifungo cha nguo haikuwa jambo jipya. Bizimu za namna hiyo zilivaliwa Ulaya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Alichodai Hunt ni muungano: waya mmoja wenye springi na kishikio, na ncha inayoshikiliwa na nguvu ya springi hiyohiyo. Faida alizozitaja ni za fundi anayejua vitu huharibikia wapi. Hakuna kiungo cha kuvunjika, hakuna egemeo la kulegea, na vidole vinalindwa visichomwe. Basi kila ukichora bawaba, skrubu au kipande cha ziada, ujue unarudisha kitu ambacho Hunt alikiondoa kwa makusudi. Unaruhusiwa kukirudisha. Ila uwe na sababu, na sababu hiyo itoke kwenye nguo au kwa mvaaji.

Kosa la kwanza ninaloliona ni kukimbilia waya mnene. Mwanafunzi anaona pini imepinda, anasema iongezwe unene. Hesabu zinamkatalia. Ugumu wa waya wa duara hupanda kwa kipeo cha 4 cha kipenyo: ukikifanya kipenyo kuwa mara 2, ugumu wa kuupinda unakuwa mara 16. Kidole gumba cha mtumiaji hakijaongezeka nguvu. Isitoshe, kwa pembe ileile ya kufunguka, mkazo ndani ya waya, yaani kiasi chuma chake kinavyolemewa, hulingana na kipenyo kikigawanywa kwa urefu wa waya unaopinda. Kipenyo kikiwa mara 2, mkazo nao ni mara 2. Pini uliyoinenepesha ili idumu inaweza kupinda isirudi siku ileile ya kwanza, na tundu inaloliacha kwenye nguo ni kubwa zaidi.

Kinachosaidia ni urefu. Ile pete ipo hasa kwa ajili hiyo: inahifadhi urefu mwingi wa waya mahali padogo, ili kila kipande kipinde kidogo tu. Ongeza mzunguko mmoja, au ipanue pete, mkazo utashuka bila kubadili waya.

Kisha kitambaa kinaingia, na mambo yanageuka. Pete hiyohiyo inayouokoa waya ndiyo inayoiharibu nguo. Nguo ikivutwa huteleza kwenye mikono ya pini mpaka ifike nyuma kabisa, na uzi mmoja wa mtande (wa urefu wa kitambaa) au wa mshindio (wa upana wake) hupenya katikati ya mizunguko ya waya na kubanwa humo. Kwenye jinzi hutaona kitu. Kwenye chifoni au sweta iliyofumwa kwa uzi mlegevu, utaichomoa pini na uzi utaifuata. Ukiongeza mzunguko wa pili ili kupunguza mkazo, umeongeza na mwanya wa kunasa nyuzi. Hapa ndipo ubunifu wa pini unapoanza hasa, na napenda mtu akae hapa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mahitaji mawili ya haki yanagombania milimita chache za waya.

Tazama jinsi wengine walivyousuluhisha ugomvi huo. Zipo pini zenye umbo la kibuyu, zile zinazotundikia lebo kwenye nguo mpya na zinazotumiwa na wafumaji kuwekea alama. Hazina pete kabisa. Aliyezibuni aliiondoa mizunguko lakini hakuutupa urefu. Aliutandaza kwenye tumbo pana la waya lililo nyuma. Uzi hauna pa kunasa. Gharama yake ni kwamba pini imekuwa pana na hushika kwa upole, kwa hiyo haifai kushikilia mkanda mzito. Njia nyingine ni kuifunika pete kwa kikombe kidogo cha plastiki, jambo linaloongeza kipande kimoja. Ya tatu, ambayo wanafunzi wachache huifikiria, ni kuinamisha mikono yenyewe karibu na pete ili kitambaa kisimame kabla hakijaifikia. Hiyo haiongezi kitu ila mkunjo, na ningependa kuona watu wengi zaidi wakiijaribu.

Mkunjo mmoja unaweza kubeba mengi. Mafundi wa mifarishi ya viraka hushikiza tabaka tatu, kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini, kazi yote ikiwa imetandazwa mezani. Pini iliyonyooka huwalazimu kuinua tabaka hizo ili ncha irudi juu, na zikiinuliwa husogea. Pini yao imepindwa, ncha inashuka, inapita chini ya tabaka na kuibuka yenyewe upande wa pili. Waya ni uleule na kofia ni ileile. Aliyeifikiria alikuwa anaangalia meza, hakuwa anaangalia pini.

Kofia nayo ihesabu kwa mienendo. Kuifungua pini ya kawaida kunataka miwili: kuubana mkono wa ncha kuelekea mkono wa nyuma, halafu kuusogeza pembeni utoke. Mwili ukiiegemea pini na nguo ikavutwa wakati huohuo, mienendo hiyo miwili inaweza kutokea bila kidole cha mtu. Ndiyo maana pini za nepi huwa na kichwa cha plastiki kinachoteleza na kuifunga kofia. Huo ni mwendo wa tatu, ambao mtoto anayejigeuza hawezi kuufanya kwa bahati mbaya. Hapa kipande cha ziada kimepata haki yake. Chevalier Jackson, daktari wa Marekani aliyejulikana kwa kutoa vitu vilivyomezwa au kuingia kwenye njia ya hewa, alihifadhi zaidi ya vitu 2,000, vilivyopo Mütter Museum huko Philadelphia, na pini za usalama zimo. Iliyofunguka ikiwa imekwama kooni, ncha ikitazama juu, huchimba nyama kadiri inavyovutwa. Ukibuni kitu kitakachokaa karibu na mtoto, fikiria pia kitakavyokuwa kikidondoka sakafuni kikiwa wazi.

Lakini mwendo huohuo wa tatu ni ukuta kwa mwenye baridi yabisi ya vidole, au anayevaa kwa mkono mmoja. Kinachomlinda mmoja kinamfungia mwingine nje. Mwanafunzi akiniambia pini yake ni bora kwa watu wote, huwa namwomba anitajie mtu mmoja na nguo moja, na tunaanzia hapo. Kwa mwenye vidole vyenye maumivu pengine jibu halipo kwenye kufuli. Lipo kwenye kofia pana yenye mahali pa kuweka kidole gumba, na mkono wa nyuma uliopindwa kidogo ili uwe na pa kushikwa.

Kuhusu ncha sitasema mengi. Pitisha ncha kwenye pamba laini. Ikitoka na nyuzinyuzi, ina ukingo uliobaki wakati wa kunoa, na itakata nyuzi badala ya kuzisukuma pembeni. Tundu lililosukumwa hujifunga likisuguliwa kwa kucha. Lililokatwa halijifungi.

Kwenye madini, chunguza zaidi ya mng’aro. Pini nyingi ni za chuma kilichopakwa nikeli, na nikeli haikilindi chuma kwa kujitoa yenyewe. Pakichubuka na unyevu ukafika, chuma ndicho kinacholika, palepale penye mchubuko, na doa la kutu kwenye kitambaa cheupe ni gumu sana kulitoa. Zinki hufanya kinyume, huliwa yenyewe kwanza. Sehemu inayosuguliwa kuliko zote ni mkono wa ncha, ndio unaopita ndani ya nguo kila mara. Tena nikeli huwasha ngozi za watu wengi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki kwa vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu. Chuma cha pua hupunguza shida ya kutu, ila kifaa chako cha kukunjia waya kitalazimika kuwa na nguvu zaidi. Na ukiamua kupaka chuma kigumu cha springi kwa umeme, kumbuka hidrojeni: huingia ndani ya chuma wakati wa kupaka na kukifanya kikatike ghafla baadaye, bila onyo. Ndiyo sababu vipande huokwa mapema baada ya kupakwa, kwenye nyuzi joto karibu 200 za Selsiasi, kwa saa kadhaa.

Sampuli yako ya kwanza ikunje kwa koleo, kwa mkono, hata kama haitapendeza. Chagua vitambaa vitatu visivyofanana: kimoja kizito kilichosukwa, kimoja chepesi kinachoteleza, kimoja kilichofumwa kinachovutika. Chomeka yako na ya kawaida bega kwa bega kwenye kila kitambaa. Vuta kwa mizani ya ndoano mpaka kimojawapo kiachie, uandike ni kipi kilichoachia: kofia, waya au nguo. Mara nyingi nguo ndiyo huchanika kwanza, na hapo kuongeza nguvu za pini hakuna maana yoyote. Fua vitambaa vikiwa na pini zake. Vikikauka, vishike kwenye mwanga utazame matundu, kisha upime tena nguvu ya kuifungua kila pini. Mtu uliyemchagua aifungue mwenyewe, nawe ukae kimya umwangalie vidole, usimwelekeze.

Namba zikiwa mkononi, ndipo uende kwenye hataza. Katika ainisho la kimataifa la hataza pini za namna hii ziko kwenye kundi A44B 9, na michoro inasomeka hata na asiyeijua lugha ya wanasheria. Utakuta mawazo mengi yanayofanana na lako, usishtuke. Angalia kila moja imeongeza vipande vingapi juu ya ule waya mmoja, na imeviongeza kwa ajili ya nguo gani. Hunt aliziuza haki zake kwa dola 400, kwa hiyo karatasi peke yake si mali mpaka ujue inalinda nini. Andika ukurasa mmoja unaotofautisha pini yako na ile inayoikaribia zaidi, kwa vipimo ulivyovipata kwenye vitambaa vitatu, na umpe wakili ukurasa huo kabla hujalipia maombi yoyote.