Ohio State 2015: kwa nini namba ilikuwa ya Barrett, si Jones

Mkuu, umeuliza kwa nini Urban Meyer, kocha wa timu ya chuo kikuu cha Ohio State ya futiboli ya Marekani, alimweka benchi Cardale Jones katikati ya msimu wa 2015, wakati ndiye kwotabeki (mrusha pasi na mwongoza mashambulizi) aliyemaliza na ubingwa wa taifa Januari ile. Nilikuwa naishi Columbus, mji wa chuo hicho, misimu ile miwili na timu hii naipenda mno, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona.

Tuanze na ubingwa wenyewe. Braxton Miller, kwotabeki wa kwanza wa timu, aliumia bega Agosti 2014. J.T. Barrett akaingia, akafungwa mapema na Virginia Tech 35–21, na baada ya hapo hakupoteza tena. Hadi anavunjika kifundo cha mguu dhidi ya Michigan alikuwa na tachidauni (mabao ya kufikisha mpira eneo la mwisho) 45: pasi 34, na 11 za kukimbia mwenyewe. Ndipo zamu ya Jones ikafika: Wisconsin 59–0, Alabama 42–35, Oregon 42–20. Wengi wanakumbuka zile pasi ndefu kwa mpokeaji Devin Smith. Ila Ezekiel Elliott, mkimbiaji wao na mpira, alikimbia zaidi ya yadi 200 katika kila moja ya mechi hizo tatu! Mabeki walilazimika kusogea mbele kumzuia, nyuma pakabaki wazi, na mkono wa Jones ulifika huko bila taabu.

Mwaka uliofuata Smith alikuwa ameenda NFL, ligi ya kulipwa, na Tom Herman, aliyepanga mashambulizi, amekwenda kuwa kocha mkuu Houston. Mkono wa Jones ulikuwa uleule, wa kuutumia vizuri ndiyo hawakuwepo. Tena ukishaingia yadi 20 za mwisho, nguvu ya mkono haina kazi kubwa, maana mabeki hawana eneo refu la kulinda. Pale anatakiwa mtu wa kumsoma beki wa pembeni na kuamua papo hapo: mpira nimwachie Elliott, au nibaki nao nikimbie? Barrett alikuwa fundi wa hilo. Oktoba Meyer akawa anamtoa Jones na kumwingiza Barrett wakikaribia tu eneo hilo, na kwangu suala liliishia hapo. Kuwapokezana vile hakukumsaidia yeyote. Barrett alianza dhidi ya Rutgers, wakashinda 49–7. Miller mwenyewe alishahamia kupokea pasi, na nadhani uamuzi wa kumpa Barrett namba ulikuwa sahihi kabisa.

Najua utaniletea Michigan State, 17–14, mechi pekee waliyopoteza msimu ule, Barrett akiwa kwotabeki. Angalia Elliott alipewa mpira mara ngapi siku ile: mara 12, yadi 33. Huo ni mpango wa makocha, na hata Jones angekwama. Wiki iliyofuata, ugenini kwa Michigan, walirudi kwenye kukimbia: Elliott akavuka yadi 200, Barrett akavuka 100 kwa miguu yake, wakashinda 42–13.