Iambie solva ianze na maghala, maduka yatafuata

Wadau, hii ni kwa wale mnaoendesha modeli za nambari kamili (hesabu za kutafuta mpango bora ambapo maamuzi lazima yatoke namba nzima, mfano 0 au 1) na mnakaa mnaangalia logi, nodi (vipande vya tatizo) zinaongezeka tu ila gepu, yaani tofauti kati ya jibu bora lililopatikana na kikomo kilichothibitishwa, imegoma kushuka. Kabla hujaanza kuomba sava kubwa zaidi, angalia kwanza solva, yaani programu inayotatua hizo modeli, inagawa matawi kwenye variabo (maamuzi) zipi.

Mbinu yenyewe ya kugawa matawi (branch and bound) ni ya zamani, Ailsa Land na Alison Doig waliichapisha mwaka 1960. Solva inatatua tatizo kwanza bila kulazimisha nambari kamili, ikikuta variabo imekaa 0.6 inagawa tatizo vipande viwili, huku iwe 0 huku iwe 1, halafu inaendelea hivyo hivyo chini. Sasa solva haijui ghala ni nini wala duka ni nini, yenyewe inaona safu za namba, na wewe ndo unajua.

Chukua kazi ya kuchagua maghala ya usambazaji. Una sehemu kama 40 za kuchagua, Dodoma, Mbeya, Makambako, Mwanza na kadhalika, na kila duka lazima lihudumiwe na ghala moja. Variabo za maghala ni 40, za duka-na-ghala ni maelfu. Solva ikigawa kwenye swali la "duka hili la Songea lichukue mzigo Makambako au lisichukue", baundi ya chini, yaani gharama ambayo jibu haliwezi kwenda chini yake, karibu haisogei, maana duka linahamishiwa tu kwenye ghala lingine lililofunguliwa nusu, basi. Ila ikigawa kwenye Makambako yenyewe, ifunguliwe au isifunguliwe, maduka yote ya Njombe na Songea yanaguswa kwa mpigo mmoja na gharama inabidi isogee. Kwa hiyo yape maghala praioriti ya juu. Kwenye solva ya Gurobi ni BranchPriority, kila variabo inaanza na 0 na yenye namba kubwa ndo inatangulia, solva za SCIP na CPLEX nazo zinakuruhusu. Usizipange variabo zote maelfu moja moja, ngazi mbili tatu zinatosha, ndani ya ngazi iachie solva ichague.

Halafu kuna hii ambayo mi naipenda sana. Kulifungua ghala kunabadilisha mengi, ila kulifunga moja kati ya 40 mara nyingi hakubadilishi kitu, jirani yake anachukua nafasi, kwa hiyo mti unaegemea upande mmoja na upande wa 0 unakuwa mrefu balaa. Ongeza variabo moja ya nambari kamili, iite z, iwe sawa na jumla ya maghala yote yaliyofunguliwa, na hiyo ndo uipe praioriti ya juu kuliko zote. Tuseme z imetoka 6.4, sasa tawi moja linasema yasizidi 6, lingine linasema yasipungue 7, na pande zote mbili gharama inapanda. Angalia tu hatua ya kurahisisha modeli mwanzoni isije ikaifuta z kwa sababu inaiona ni jumla tu ya zingine, kwenye SCIP unaizuia kwa SCIPmarkDoNotMultaggrVar, Gurobi jaribu kuzima Aggregate.

Kuhusu kujiandikia kanuni yako ya kugawa, ile ya kuchukua variabo iliyo karibu zaidi na nusu inavutia ila achana nayo, Achterberg, Koch na Martin walionyesha mwaka 2005 kwamba haina tofauti kubwa na kuchagua kwa bahati nasibu. Na kama bado una konstrenti (sharti) moja ya jumla kwa kila ghala badala ya kuandika kwa kila duka kwamba halihudumiwi na ghala lililofungwa, rekebisha hiyo kwanza jamani, praioriti haziwezi kuokoa modeli legevu, yaani ile ambayo baundi yake iko mbali na jibu halisi.

Ukipima, usiamini rani moja, yaani kuendesha solva mara moja tu. Badilisha sidi (namba inayoanzisha bahati nasibu ndani ya solva) mara kadhaa, maana modeli ile ile inaweza kuchukua muda tofauti kabisa, na kila rani ipe jibu zuri lile lile la kuanzia ili unachokilinganisha kiwe ni mti wenyewe, yaani baundi imepanda kiasi gani kwa idadi ile ile ya nodi.