Kabla ya Rangi, Chora Kitambaa

Wanaoanza kujifunza uchoraji huniuliza kwanza wanunue rangi gani. Huwa nawajibu: hela yako itunze, rangi itafuata. Najua jibu hilo linakera, maana wengi wetu tuliitwa na rangi. Lakini sikulitunga mimi. Nimelitoa kwa mafundi wa Italia wa zama za Renesansi, kipindi cha mwamko wa sanaa Ulaya, na kadiri ninavyofundisha ndivyo ninavyozidi kuliamini.

Cennino Cennini, mchoraji aliyeandika mwongozo wa ufundi huu karibu mwaka 1400, alimpangia mwanagenzi mwaka mmoja wa kuchora kwenye kibao kidogo, miaka 6 ya kusaga rangi, kuchemsha gundi na kuandaa mbao, kisha miaka 6 mingine ya kujifunza kupaka rangi. Muda wote huo achore kila siku, iwe ya kazi au sikukuu. Kibao chenyewe kilipakwa unga wa mifupa ya kuku iliyochomwa hadi ikawa myeupe, kikachorwa kwa kalamu yenye ncha ya fedha.

Alama ya fedha haifutiki kirahisi. Albrecht Dürer, mchoraji Mjerumani wa Nürnberg, alijichora kwa kalamu ya namna hiyo mwaka 1484 akijitazama kwenye kioo, naye alikuwa na miaka 13 tu. Mchoro huo upo hadi leo, kwenye jumba la makumbusho la Albertina, Vienna. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawanyang'anya raba na kuwapa kalamu ya wino ya kawaida. Ukijua mstari hautafutika, unatazama mara mbili kabla mkono haujasogea.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linatoka Florence, kwenye karakana ya Andrea del Verrocchio, alikojifunza Leonardo da Vinci. Leonardo alifinyanga sanamu za udongo, akazivika matambara yaliyoloweshwa kwenye tope, kisha akaketi kuichora mikunjo kwa uvumilivu. Nyumbani chukua shuka kuukuu, lichovye kwenye udongo wa mfinyanzi uliolainishwa kama uji, litupie juu ya kigoda na uliache likauke. Likishakakamaa halitasogea, na utaweza kulirudia hata wiki nzima. Weka taa upande mmoja. Anzia pale kitambaa kinapoegemea pembe ya kigoda: mikunjo yote inatawanyika kutoka hapo, inalegea katikati, kisha inavunjika inapofika sakafuni. Utaona pia kwamba ndani ya kivuli kuna mwanga hafifu unaorudishwa na sakafu. Atakayeuona mwanga huo kwenye shuka atauona na chini ya kidevu cha mtu.

Kunakili si wizi, mradi unajifunza na husaini kazi ya mwenzio. Michelangelo alipokuwa kijana alinakili watu waliochorwa na Giotto na Masaccio, wachoraji wa Italia waliomtangulia. Mmoja wa michoro hiyo uko kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Ila shika mwalimu mmoja kwanza. Cennini alionya kwamba anayemfuata huyu leo na yule kesho hataupata mkono wa yeyote. Onyo hilo linatuhusu sana sisi ambao simu zetu zinatuletea wachoraji mia kabla ya chai ya asubuhi. Chagua mmoja, kaa naye miezi kadhaa.

Mchoro ukikushinda na huoni kosa liko wapi, utazame kwenye kioo. Leonardo aliwashauri wachoraji wawe na kioo bapa, kwa sababu kazi yako ikigeuzwa unaiona kana kwamba imechorwa na mtu mwingine. Jicho lililopanda juu kuliko mwenzake hujitokeza papo hapo.

Na rangi? Mikunjo ikishakutii, nunua mbili tu, nyeusi na nyeupe, na brashi moja nzuri. Vitambaa vile Leonardo alivichora kwa brashi juu ya kitani, akitumia kijivu na nyeupe. Nyekundu na buluu zinunue baadaye.